Akiba haiozi? Ya kompyuta inaoza kimyakimya!

WAHENGA walisema akiba haiozi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, maana hawakuwahi kuiweka akiba yao kwenye diski. Akiba ya kwenye kompyuta inaoza, tena inaoza bila kutoa harufu. Siku unayoihitaji ndiyo siku unayogundua kwamba ulikuwa unalinda ghala tupu.

Unadhani natania? Waulize wale jamaa wa Pixar kule Marekani wanaotengeneza filamu za katuni. Mwaka 1998 walikuwa katikati ya kuitengeneza Toy Story 2. Mtu mmoja akapitisha amri ya kufuta mahali pasipostahili. Wenzake waliokuwa wanaangalia skrini wakaona mhusika mkuu anapotea kofia, mara buti, mara mtu mzima hayupo! Wakatulia wakijua kwamba akiba ipo. Kwenda kuifungua, kumbe kwa muda wa mwezi hivi ilikuwa haifanyi kazi inavyotakiwa na hakuna aliyekuwa na habari.

Aliyewaokoa ni dada mmoja, Galyn Susman, mmoja wa wakubwa wa ufundi wa filamu hiyo. Alikuwa ametoka kujifungua na alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwa hiyo kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Kompyuta ikafungwa mablanketi, ikapakiwa kwenye gari na kuendeshwa polepole kama mgonjwa anayepelekwa wodini. Filamu ikatoka mwaka 1999 na watu wakacheka ukumbini, hawajui kwamba kuna watu waliwahi kulia.

Sasa kama kampuni yenye mapesa yale iliumbuka, wewe na kiseva chako cha uvunguni je?

SEVA YA UVUNGUNI

Kwa wale ambao bado hawajaingia kwenye mambo haya, seva ya nyumbani si kitu cha kutisha. Ni kompyuta inayokaa imewashwa saa zote ili vyombo vingine vya nyumbani viitumie. Inaweza kuwa laptop yako ya zamani iliyopasuka kioo, au kile kidubwasha kiitwacho Raspberry Pi, ambacho ubao wake una ukubwa wa kadi ya benki na kilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Ndani yake unaweka Linux, ule mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wakati ule akiwa mwanafunzi Finland. Mfumo wenyewe ni wa bure, huhitaji kumlipa mtu hata senti.

Unachomeka diski ya nje, unaiambia seva kila usiku ivute picha na kazi zako, wewe unalala usingizi wa pono. Tatizo la watu wengi ni hapo hapo kwenye huo usingizi.

Nina mshkaji wangu mmoja wa Sinza, jina kapuni, anayepiga picha za harusi. Yeye seva yake ni Raspberry Pi 4 yenye memori kadi ya GB 64 inayobeba mfumo, na diski ya nje ya TB 2 ya kuhifadhia nakala. Kila siku saa nane usiku programu iitwayo rsync inachukua picha mpya kutoka kwenye laptop na kuziweka kwenye folda ya /mnt/akiba. Mambo bomba, kila mtu anamsifia.

Jumatatu moja laptop ikamwagikiwa chai na kufa palepale. Jamaa hakuonyesha hata wasiwasi. Akaizima seva, akaiwasha, akachomoa diski na kuichomeka tena ili mambo yawe safi, kisha akafungua folda. Picha za mwezi uliotangulia zote zipo. Za wiki mbili za mwisho, hakuna! Na katika wiki mbili hizo kulikuwa na harusi ya Jumamosi iliyopita, bwana harusi kalipa hela yote, bibi harusi anapiga simu kila baada ya nusu saa, na kadi za kamera zimeshafutwa ili zitumike kwenye kipaimara. Hapo ndipo nilipoitwa.

MZIGO ULIKUWA BARAZANI

Kwanza lazima uelewe jambo moja la Linux ambalo ndilo chanzo cha kasheshe nyingi. Kwenye Linux diski kuchomekwa haitoshi, ni lazima ipachikwe kwenye folda. Chukulia folda ya /mnt/akiba ni duka lenye kibao kimeandikwa AKIBA. Diski ikipachikwa, mwenye duka yumo ndani na anapokea mzigo. Diski isipokuwepo, kibao bado kinaning'inia pale pale. Mleta mzigo hana macho, anasoma kibao, anashusha mzigo barazani na kuondoka zake. Baraza yenyewe ndiyo ile memori kadi ndogo inayobeba mfumo.

Tulipopiga amri ya df -h, ambayo inaonyesha nafasi ya kila diski, tukaona kioja. Diski kubwa ina nafasi tele, lakini memori kadi imejaa asilimia 100. Mfumo wenyewe hauwezi kula GB 64. Tukapiga sudo du -xsh / ili tujumlishe mafaili yote yaliyomo kwenye kadi, jibu likaja dogo sana, kama robo tu. Yaani df anasema nyumba imejaa, du anasema mbona naona watu watatu tu? Ukiona hao wawili wanabishana namna hiyo, jua huenda kuna kitu kimefunikwa.

Tukaiondoa diski kwa amri ya sudo umount /mnt/akiba, kisha tukachungulia folda ile ile ikiwa haina diski. Loo! Picha za harusi zimelala pale zinatutazama. Wiki mbili kabla umeme ulikatika na kurudi, seva ikaamka lakini diski haikuamka. Kila usiku picha zikashushwa barazani. Siku diski iliporudishwa ikapachikwa juu ya folda hiyo na kuyafunika yale ya chini, yasionekane ingawa yapo.

Tulizihamisha kwanza kwenye diski, tukahakikisha zinafunguka, ndipo tukasafisha kadi. Zingatia mpangilio huo, mpenzi msomaji. Wapo wanaoona kadi imejaa na kukimbilia kufuta, kumbe wanafuta nakala pekee iliyobaki duniani.

Hata hivyo furaha haikuwa kamili. Kadi ilikuwa imejaa kabla mzigo wa mwisho haujaisha kushushwa, kwa hiyo picha za kanisani zote zilipatikana, za ukumbini zikaishia kwenye shampeni. Keki haikuonekana tena. Jinsi alivyomweleza bibi harusi ni hadithi ya siku nyingine, lakini sehemu ya malipo ilirudishwa.

CHUKUA KALAMU

Kama seva yako inakuletea longolongo upande wa akiba, usiende kichwakichwa. Fuata ngazi hizi moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza, je, seva inaiona diski? Piga lsusb, kisha lsblk -f. Ya kwanza inaonyesha vilivyochomekwa, ya pili inaonyesha diski na majina yake. Kama haipo kabisa, badili waya kwanza, maana waya ni mchawi asiyeshukiwa. Kisha tazama umeme. Raspberry Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampia 3, na matundu yake yote ya USB kwa pamoja hayatoi zaidi ya ampia 1.2. Diski ya kuzunguka wakati inaanza kuamka inaweza kukaribia ampia 1 peke yake. Ukiwa unatumia chaja ya simu uliyookota droo ya mezani, unaitafuta balaa. Piga vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, umeme uko sawa. Likiwa 0x50000, jua tangu seva iwashwe kuna wakati umeme ulipungua. Kwa mshkaji wa Sinza jibu lilikuwa hilo hilo la pili, kwa sababu alikuwa anatumia chaja ya simu. Dawa ni chaja inayostahili, na diski ikae kwenye hab ya USB yenye umeme wake yenyewe.

Ngazi ya pili, je, imepachikwa? Piga findmnt /mnt/akiba. Ikikujibu kwa mstari wenye jina la diski, sawa. Ikikaa kimya, basi hicho ni kibao tu, mwenye duka hayupo.

Ngazi ya tatu, je, nafasi ipo? df -h tumeshaiona, lakini kuna ndugu yake, df -i. Huyu anahesabu idadi ya mafaili yanayoweza kuwekwa, si ukubwa wake. Diski inaweza kuwa na GB kibao wazi lakini orodha ya majina imejaa, hivyo hupokei hata faili la maneno mawili. Na kama diski yako ina fomati ya FAT32, haitapokea faili moja linalofika GB 4. Video ya harusi itagoma, na wewe utailaumu Linux bure. Diski ya akiba ya seva ya Linux ipe fomati ya ext4, ila kumbuka kufomati kunafuta kila kilichomo.

Ngazi ya nne, je, diski ni mgonjwa? Piga sudo dmesg -T usome mistari ya mwisho. Ukiona maneno I/O error yanajirudia, kaa chonjo. Weka programu ya smartmontools, kisha piga sudo smartctl -a /dev/sda, ukitaja jina la diski yako kama lsblk ilivyokuonyesha. Kama kasha la USB linakataa kujibu, ongeza -d sat. Kwenye diski za kuzunguka tafuta mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba zikiwa sifuri, shukuru Mungu. Zikiwa zinapanda kila ukitazama, diski inaaga. Hapo usianze kuitengeneza kwa fsck, maana unamkimbiza mbio mgonjwa wa moyo. Kwanza toa data kwa programu ya ddrescue uweke kwenye diski nyingine. Na hata kwa diski nzima, fsck usiipige diski ikiwa bado imepachikwa, utaharibu.

Ngazi ya tano ni ya sisi watu wa mjini. Je, diski au flashi yenyewe ni ya kweli? Zipo zilizochezewa zinazojitangaza TB 2 wakati ndani mna GB chache. Zinapokea kila kitu kwa tabasamu, zikijaa zinaandika juu ya yale ya mwanzo, na majina ya mafaili yote unaendelea kuyaona. Hilo ndilo changa la macho lenyewe. Linux ina programu ndogo iitwayo F3. Amri ya f3write inajaza flashi mpaka pomoni na f3read inasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Fanya hivyo siku ya kununua, ikiwa bado tupu na risiti bado iko mfukoni.

FUNGA MLANGO

Sasa tuzuie yale ya Sinza yasikukute. Kwenye faili la /etc/fstab usiitambulishe diski kwa jina la /dev/sda1, kwa sababu jina hilo ni la kupokezana. Leo ni la diski, kesho flashi ikiwahi inalichukua yenyewe. Tumia ile namba ndefu ya UUID unayoiona kwenye lsblk -f, halafu ongeza neno nofail ili seva iwake hata diski isipokuwepo. Ukimaliza, piga sudo systemctl daemon-reload, kisha sudo mount -a, uone kama inakubali bila kelele.

Lakini nofail hiyo hiyo ndiyo inayoruhusu mzigo kushushwa barazani. Kwa hiyo kwenye hati yako ya kazi ya usiku, kabla ya rsync, weka mstari huu: mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1. Maana yake ni kwamba kama diski haijapachikwa, kazi isimame hapo hapo. Ukitaka kufuli la pili, diski ikiwa imeondolewa na folda ikiwa tupu, piga sudo chattr +i /mnt/akiba. Folda hiyo haitapokea kitu chochote mpaka diski ipachikwe juu yake.

Jihadhari pia na rsync yenye neno --delete. Inafanya nakala ifanane na asili kwa kila kitu, mpaka makosa. Ukifuta picha saa mbili usiku, ifikapo saa nane na ya akiba inafutwa. Hicho ni kioo cha kujitazamia, wala si akiba. Tumia programu kama restic au borg zinazotunza hali ya kila siku peke yake, ili uweze kurudi juzi au mwezi jana. Ila paswedi yake iandike kwenye karatasi na kuificha, maana ukiisahau hakuna fundi wa kukufungulia.

UKIMYA SI HABARI NJEMA

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani, iliingia kwenye kimbembe. Mhandisi wao, akiwa amechoka usiku, alifuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya GB 300 hivi zikabaki 4.5 tu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi akiba. Hakuna hata moja iliyofanya kazi ilivyotarajiwa! Mojawapo ilikuwa inashindwa kila siku kwa sababu programu yake haikulingana na toleo la hifadhidata, na barua za tahadhari zilizotumwa zilikataliwa njiani. Hakuna aliyezipata, kwa hiyo kila mtu akaamini mambo ni shwari. Waliponea kwenye nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla. Kazi za saa hizo sita hivi ndizo zilizopotea jumla.

Ndiyo maana nasema usiiambie seva ikuletee ujumbe ikishindwa. Iambie ikuletee ujumbe kila siku ikifanikiwa. Asubuhi usipouona ujumbe kwenye simu, hapo ndipo unapoamka kitandani. Mgonjwa mahututi hapigi simu kusema anaumwa.

Na kama hujawahi kurudisha faili kutoka kwenye akiba yako, basi huna akiba, una matumaini. Angalau mara moja kwa mwezi chagua mafaili kama kumi, la zamani, la jana, kubwa na dogo. Yarudishe kwenye folda nyingine kabisa, uyafungue kwa macho yako. Ukitumia rsync ya kawaida, kumbuka inalinganisha ukubwa na tarehe tu. Piga rsync -avnc kati ya asili na nakala. Herufi c inailazimisha isome yaliyomo ndani, na n inaizuia isiguse kitu, itaje tu yanayotofautiana.

Mwisho kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh. Anasema kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Mwizi akiingia chumbani hachagui, anabeba laptop, seva na diski kwa pamoja. Moto nao haujui kipi ni asili na kipi ni nakala. Kwa hiyo nunua diski ya pili, ifunge kwa paswedi, mpelekee shangazi Tabata aiweke kabatini, na kila mwisho wa mwezi nenda ukabadilishane naye. Utakula na wali humo humo.

Mshkaji wa Sinza sasa hivi ana diski tatu, na kadi za kamera hazifuti mpaka apate ujumbe wa asubuhi kwenye simu. Wewe usingoje chai imwagike. Leo kabla ya kulala, fungua seva yako, piga findmnt, kisha rudisha picha moja tu ya mtu unayempenda. Ikifunguka, lala. Isipofunguka, bora umejua leo, asili ikiwa bado iko mkononi.